Tulipatana Jumatatu

Mwaka wa pili wa masomo ya uganga wa hospitali, Kibaha, nilibandika ratiba ukutani juu ya kitanda changu. Usingizi, saa tano tu kwa usiku. Chakula, dakika kumi. Kuoga, dakika nne, tatu kama maji ni ya baridi. Mapumziko sikuyaandika, maana sikuona pa kuyaweka. Niliijumlisha mara mbili, na mara zote mbili siku ilitoka na saa ishirini na sita.

Mwenzangu wa chumba alikuwa kijana wa Maneromango, mpole, aliyeijua mifupa yote kama alivyojua shamba la mama yake. Mimi mifupa ilinikimbia. Nikafanya naye biashara: anipe saa yake ya kulala mchana anihoji mifupa, nami nimpe maelezo yangu ya dawa, niliyoyaandika kwa mwandiko mzuri. Akasema anahitaji kulala. Nikamwambia usingizi upo tele likizo. Akacheka, akakohoa, akakubali. Nilijiona mjanja.

Kila asubuhi kabla ya chai tulikuwa na desturi ya kushikana mkono na kuhesabiana mapigo ya moyo dakika nzima, tukiyaandika kwenye daftari la mazoezi. Mwalimu alilikagua kila Ijumaa. Wiki tatu kabla ya mtihani, mapigo yake yalitoka mia na nne. Nikahesabu tena. Mia na nne.

"Umekimbia wapi wewe?"

"Nimekimbia toka kitandani mpaka kwenye kiti," akasema. "Andika sabini na sita, bwana. Ukiandika hiyo mwalimu atasema hujui kuhesabu."

Nikaandika sabini na sita. Shati lake lilikuwa limelowa jasho, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi. Kola ilimpwaya. Lakini darasa zima tulikuwa tumekonda. Tuliamini kukonda ndiko kusoma.

Alhamisi akaniambia, "Kesho naenda kupima makohozi."

"Wakikulaza?"

"Watanilaza."

"Na mtihani? Utarudia mwaka, mzee. Nenda tukishamaliza."

"Wiki tatu hizo! Kesho."

"Basi tumalize mifupa ya mguu kwanza. Jumatatu ya wiki ile nyingine."

"Jumatatu hii."

"Ile nyingine, na uji wangu wa asubuhi nakupa."

Akaniangalia. "Wewe mama yako alikuzalia sokoni."

Tukapatana Jumatatu ile nyingine. Nilikuwa nimepata siku kumi kwake, na nilisikia ile raha ya mtu aliyeondoka na kitu kwa bei yake. Siifichi. Uji nilimpa kweli. Hakuumaliza hata siku moja.

Jumatatu yetu haikufika. Siku mbili kabla yake, Jumamosi asubuhi, akipiga mswaki, alikohoa damu, ikatapakaa kwenye beseni. Walimlaza siku ileile. Wakaniambia kifua kikuu, na kwamba kilikuwa kimekwenda mbali. Mtihani niliufanya peke yangu. Alifariki nikiwa bado nasubiri matokeo.

Kwao nilikwenda baada ya kufaulu. Lori lililonichukua Kisarawe lilikwama matopeni, nikamalizia kwa miguu. Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka, anamenya muhogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe uliyekuwa naye chumba kimoja?"

"Ndimi. Pole sana, mama."

"Tumeshapoa. Karibu." Akamenya muhogo mzima. "Aliniandikia kwamba mnapimana kila asubuhi. Hukuona kitu?"

Njia nzima nilikuwa nimeandaa majibu mawili. Nilichosema hakikuwa mojawapo.

"Niliona, mama. Alitaka kwenda kupima, nikamwambia asubiri. Nilitaka anihoji, nifaulu."

Kisu kikasimama.

"Ukafaulu?"

"Nilifaulu."

"Haya," akasema, na kisu kikaendelea. Sikujua "haya" hiyo ilikuwa ya namna gani, na sijajua mpaka leo.

Baadaye akainuka, akashika kiuno. "Alisema huko hamli wala hamlali. Nikadhani utani wake. Kaa hapo."

Akaniletea muhogo wa nazi kwenye sahani ya bati, akasimama palepale, mikono ameikunja kifuani, mpaka nilipomaliza.