Mpaka wa Stima Katikati ya Boma

Husemwa kwamba serikali ina mkono mrefu. Mimi najua unapoishia. Kwetu, karibu na Magunga, uliishia kwenye ghala la mahindi, katikati ya boma la marehemu baba.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipoamua kwamba kila nyumba iliyo ndani ya mita mia sita kutoka kwa transfoma iunganishiwe stima kwa bei nafuu. Ulikuwa uamuzi mzuri na sitausema vibaya, maana bila huo tungali tunatazama nyaya zikipita juu ya vichwa vyetu kwenda kwa wengine. Transfoma ilisimikwa sokoni. Mpimaji akasukuma gurudumu lake la kupimia kutoka huko, akaingia langoni kwetu, akaipita nyumba ya mama yangu, akasimama ghalani.

"Mwisho ni hapa," akasema.

Nyuma ya ghala ilikuwa nyumba ya Mama Mkubwa, mke wa kwanza wa baba, mikayi kwa Kijaluo. Nyumba ya mikayi hujengwa ndani kabisa, ikitazamana na lango, kwa heshima. Heshima hiyo ndiyo iliyomtoa nje ya sera.

Nilifurahi kwa ajili ya mama, sikatai. Alishona sare za watoto wa shule usiku kwa koroboi, na moshi wa mafuta taa ulikuwa umemkaa kifuani. Nilisikia kikohozi chake hata kwenye simu nikiwa kazini Homa Bay, na kila nilipokata simu niliogopa. Sasa nafuu ilikuwa imefika mlangoni, naye akaikataa.

"Mimi siwezi washa stima kama mikayi bado," alimwambia mpimaji.

Kwetu mikayi hutangulia. Hupanda kwanza, huvuna kwanza, ndipo wengine wafuate. Nilipandwa na hasira, nikamwambia mama stima si mahindi. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyelea mtoto mzito wa kuelewa.

"Kila kitu inaingia hii dala, hii boma yetu, inapita kwake kwanza. Homa Bay imekusahaulisha hata nyumbani?"

Mpimaji alikuwa na haraka. Akasema wakishafunga orodha ya kijiji hawarudi.

Mama Mkubwa alikuwa mlangoni pake akichambua dagaa wa omena, na masikio yake hayajawahi kupitwa na jambo. Aliingia ndani, akatoka na kitambulisho, akashuka hadi ghalani. Mwanamke yule hajawahi kuharakishwa na mtu, na siku hiyo hakuanza.

"Hiyo nyumba ya mbele," alimwambia mpimaji, "andika kwa jina yangu."

Mpimaji akamvuta kando, akamweleza jambo kwa sauti ya chini. Mama Mkubwa akatikisa kichwa kukubali, akampa kitambulisho. Basi stima ikaingia bomani kwa jina la mikayi, na mama akafuata kwa kuiwasha nyumbani mwake, kama inavyotakiwa. Nilicheka njia nzima kurudi Homa Bay. Wake wenza wawili walikuwa wameizidi akili Nairobi.

Kikohozi kilipungua, kisha kikaisha. Jioni Mama Mkubwa hushuka kwa mama kusikiliza habari za redioni na kumkosoa mishono yake, halafu hupanda kurudi kwenye koroboi lake. Ninawapenda wazee hawa kuliko ninavyoweza kuwaambia.

Mwaka jana mpango uliongezewa awamu, na transfoma nyingine ikawekwa upande wa juu, nyuma ya boma. Nilimpeleka Mama Mkubwa kujiandikisha, nikiwa na furaha ya mtu anayelipa fadhila. Karani akatazama kompyuta yake. Mama huyu ana stima tayari, akasema, na bei nafuu ni mara moja kwa kila mtu. Akitaka nyingine, alipe bei kamili kama wenye mahoteli. Nilieleza, nikabembeleza, nikapandisha sauti. Karani alikuwa mpole, lakini hakubadilisha neno.

Tulipotoka nje nilikuwa nikilia kwa hasira. Nikamwambia laiti tungalijua siku ile.

"Mimi nilijua," akasema. "Yule kijana wa kupima aliniambia hapo ghalani."

"Na ukakubali, Mama?"

"Mama yako alikuwa anakohoa," akasema. "Mimi sikohoi."