Mlango wa Mama na Chama cha Historia

Dada yangu ni mshonaji wa sare za shule, lakini ukimwita mshonaji atakukata jicho. Yeye ni Katibu wa Chama cha Historia ya Mji, na hata mimi mdogo wake, niliyenyonya naye ziwa moja, namwita Katibu ili nipate amani.

Kazi ya chama ni hii: kila Jumamosi waheshimiwa watano wanapita mitaani na utepe wa kupimia, wanapiga picha madirisha ya watu, wanagongagonga kuta, na nyumba ikiwapendeza wanaipigilia kibao cha bati: "Nyumba ya Kale." Kibao kikishapigwa, mwenye nyumba haruhusiwi kugusa hata komeo bila chama kuketi. Manispaa iliukubali utaratibu huo upesi, maana haukuigharimu kitu. Kinyozi, jirani yetu, aliomba abadilishe dirisha lililooza. Akajibiwa kwamba uozo wenyewe ni wa kale. Mvua inamnyeshea mteja na sabuni kidevuni, lakini historia imesalimika.

Kibao cha kwanza kabisa Dada alikipigilia kwetu, ili awe mfano. Tukapiga makofi, wajinga sisi.

Kisha Mama akaanguka bafuni, akavunjika nyonga. Alirudi kutoka hospitali na kiti cha magurudumu, na kiti hakikupita mlangoni. Tulimbeba kumwingiza, lakini kumbeba kila siku haikuwezekana. Ukimwinua tu analia kwa maumivu. Mwanamke ambaye habari za mtaa mzima zilikuwa zinapitia kwake akabaki kutazama ukuta wa sebule.

"Nitatoka nje lini?" aliniuliza kila asubuhi. "Au mnangoja nitoke kwa jeneza?"

Iliniuma sana.

Seremala alisema ni kazi ya asubuhi moja tu: kukata fremu ya zamani na kuweka pana. Dada akasema hapana, lazima chama kiketi. Wakaketi, sebuleni kwetu, mbele ya Mama, na chai yetu wakanywa.

Mwenyekiti wao ni daktari wa meno mstaafu, mtu aliyeng'oa vya zamani maisha yake yote bila huruma. Siku hiyo aliipapasa fremu kama mtoto mchanga.

"Mbao hii haipatikani tena, Katibu. Halafu kinyozi tulimkatalia. Leo tutamwambia nini?"

"Na mama je, anapatikana wapi?" nikadakia.

"Wewe si mwanachama," Dada akanijibu.

Kura zikapigwa kwa kuinua mikono. Wawili wakakubali, wawili wakakataa, macho yote yakamgeukia Dada. Akasema sheria hiyo aliiandika yeye. Akasema akiivunja kwa ajili ya mama yake, mji utamcheka, na kila mwenye kibao atashika nyundo. Yote kweli tupu, na mimi nilikuwa nimeshayapanga matusi yangu kinywani. Mama alikuwa anautazama ukuta wake.

Dada akainua mkono kukubali.

Mwenyekiti alijiuzulu palepale, ingawa chai aliimaliza kwanza. Kesho yake seremala alipofika, Dada alimnyang'anya msumeno akakata mwenyewe. Kabla hajamaliza upande wa pili, tukasikia nyundo kwa kinyozi, halafu nyumba ya mbele, halafu kule kona. Chama kilikuwa kinakufa tunakisikia. Dada hakuacha kukata.

Tukamsukuma Mama mpaka nje. Jua likampiga usoni, akafumba macho, akatulia. Kisha akageuka kutazama lile pengo.

"Ulikuwa mlango mzuri ule," akasema.

Dada, unga wa mbao umemjaa kichwani, akaangua kilio katikati ya barabara.

"Utalia baadaye, mwanangu," Mama akamwambia. "Sukuma kwanza, nikaone wanabomoa nini."