Heshima Niliyoichapa kwenye Kompyuta

Nilihangaika na mabasi kutoka Songea, nikatua Dodoma kwenye ofisi yenye kompyuta moja, kwa majaribio ya miezi mitatu. Fundi wetu, dada Salma, alinipa nichape orodha ya majina ya sehemu za programu. Programu ikikwama, fundi huandika jina la sehemu, na kompyuta hulitafuta humo ijue sehemu hiyo ilipo. Sehemu iliyokwenda polepole aliiita CHILEWA, jina la mkurugenzi. Mimi nimtaje mkubwa wangu kavukavu? Nikachapa MZEE CHILEWA.

Siku mkurugenzi alipoleta wageni kuiona, programu ikakwama. Salma akaandika CHILEWA. Kompyuta ikajibu: HALIMO.

"Kaka, umefanya nini?"

"Anza na Mzee, dada."

Akaanza. Kioo cha kompyuta kikaandika: IMEKWAMA KWA MZEE CHILEWA.

Mkurugenzi akavaa miwani, akawasomea wageni kwa sauti. Kesho yake nilipanda basi la Singida, na sijarudi.