Uso wa Ubao wa Kenkei

Siku hizi pale Takoradi mabango huchapwa kwa mashine, na jua la mwaka mmoja tu huyapausha. Ekow Baidoo ni mtu wa zama za brashi. Enzi hizo kila kinyozi na kila mama ntilie alitaka uso wa mtu maarufu mlangoni, wala mwenye uso hakuulizwa.

Muuza kenkei, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, alipotaka achorewe Esi Kumiwa, mwimbaji aliyevuma redioni, Ekow alikubali upesi, ilhali hakuwahi kumtia machoni. Alirudi nyumbani, akamkalisha mkewe Araba kwenye kigoda, akampa donge la kenkei mkononi, akamchora akicheka. Chini akaandika jina la mwimbaji. Mtaa mzima ukaamini. Hata gazeti lilipotoa picha ya Esi mwenyewe, watu walisema mpiga picha kakosea.

Araba alifariki mwaka wa tatu tangu ubao utundikwe, bila kuacha picha nyingine. Tangu hapo, miaka ishirini na minane sasa, Ekow hunywa uji wake kwenye benchi linaloutazama ubao ule, na ole wako umkalie mbele.

Juzi akaja Baaba, binti wa marehemu Esi, na barua ya wakili: uso wa mama yake si wa kuuzia kenkei ya mtu, ubao ushushwe leo hii. Ngazi ikaletwa. Ekow akaomba wangoje. Kuusema ukweli kulikuwa kujiumbua mbele ya mtaa uliomheshimu kwa ufundi wake, lakini alijikaza.

"Mwanangu, huyo si mama yako. Ni mke wangu, Araba."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema kumbe miaka yote hii wamelishwa kenkei na uongo. Baaba hakucheka.

"Niliona hafanani naye," alisema. "Nikadhani hujui kuchora."

"Najua sana. Mtazame vizuri."

Baaba akausogelea ubao, akamtazama mwanamke aliyecheka na donge mkononi.

"Basi futa jina la mama yangu, mzee. Andika lake."

Ekow akapanda ngazi na msasa na brashi, akalikwangua jina la Esi. Mkono wake ulikuwa umeandika majina ya nusu ya maduka ya mji, lakini jina la Araba haukuwahi kuliandika popote. Herufi ya kwanza aliirudia mara mbili, kwa kuwa machozi yalimzuia kuona.