Nilivyomwita Mume Wangu Ferini

Leo nacheka nikisimulia, lakini siku ile, wallahi, ningepata shimo ningejitia humo na buibui langu. Ilikuwa wakati wa vita, mume wangu Hamisi amechukuliwa uaskari akapelekwa Bama kupigana na Wajapani, nami nimebaki Timbwani, hapa Likoni, na mamake, wanawake wawili na nyumba kimya. Muhogo tulikuwa nao shambani, minazi ipo, basi nikaanza kupika muhogo wa nazi niwauzie watu wanaongoja feri.

Kupika najua. Kuuza ndiko kulikonishinda. Nilikuwa nikikaa nyuma ya sufuria nimeinamisha uso kama bibi harusi, watu wanapita, muhogo unapoa, hata Bi Zuhura, muuza samaki wa kukaanga aliyekaa kando yangu, akachoka kunitazama.

"Mwana wee, wauza au waomboleza? Muhogo hauna mdomo, uitie wateja wewe! Na mtu akikupa mgongo usimwache, mfuate, mwambie aonje."

Basi siku ile nikasema leo nami nitafuata. Nikajitwika sufuria, nikateremka hadi majini, watu wanaingia ferini, na mbele yangu nikamwona askari, bega la kushoto limeinama kidogo, anaburuta mguu kama anayechezea mchanga. Hamisi alitembea vivyo hivyo. Nilikuwa nikimjua kwa mwendo kabla hajafika mlangoni. Moyo uliruka, miguu ikafuata, nikajikuta nimo ndani ya feri, na mimi niliyeshindwa hata kusema "muhogo" nikapiga ukelele: "Hamisi! Hamisi wee!" (Kwetu mke hamwiti mumewe kwa jina, hata chumbani, na mimi naliita mbele ya Likoni nzima.)

Hakugeuka. Nikamvuta mkono wa shati, akageuka kwa ghafla, sufuria ikapinduka, na tui lote na muhogo wake vikamshukia kutoka kifuani hadi viatuni.

Uso haukuwa wake. Alikuwa kijana wa bara, macho yamemtoka.

"Mama, mimi naitwa Mutua," akasema taratibu, kipande cha muhogo kimemkaa begani.

Feri nzima ikaangua kicheko. "Mtilie na pilipili!" mmoja akapaza sauti. Nikataka kushuka, kumbe feri imeshang'oka, maji pande zote, na nyumbani sijamuaga mtu. Nikawa nampangusa yule askari kwa leso yangu, namwomba radhi, naye anasema si kitu, si kitu, kisha akakitwaa kile kipande cha begani akakila.

"Mtamu. Huyo Hamisi ana bahati."

Hapo ndipo nilipolia kweli.

Nikarudi na feri ile ile, sufuria tupu kwapani. Waliobaki Likoni walikuwa wamesikia ukelele wangu na mmoja wao amekimbia kumwita mama mkwe, kwa hivyo nilimkuta amesimama penye kushukia, miguu mitupu, leso kaitupia upande mmoja. Nikasema moyoni, leo nimekwisha.

"Shikamoo, mama."

 Alinishika mikono yote miwili. "Ndiye?"

"Siye, mama."

Akawatazama walioshuka, mmoja mmoja, hadi wa mwisho, kisha akanipokea sufuria tukapanda mlima.

Kesho yake nilikataa kutoka, mama mkwe mwenyewe akanitwika sufuria. "Nenda. Waliocheka watakuja." Na walikuja, wakanitazama, wakacheka, wakala, na muhogo ukaisha kabla ya adhuhuri. Nikajua biashara yamtaka mtu awezaye kuchekwa na asiondoke mahali pake.

Vita vilipoisha askari waliteremka makundi kwa makundi, nikawapakulia wote. Hamisi hakuwamo, wala sikumpata wa kunambia alikobaki. Niliapa kutomfuata tena mtu kwa mgongo wake, na sijamfuata. Sauti ya kuita wateja nilikuja kuipata, hata ng'ambo wasema walinisikia. Jina lile tu ndilo sijaliita tena.