Siku Nilipomnawisha Mama Mkwe Mikono Sokoni

Aibu hii kama ingekuwa kitu cha kuhamishwa ningemhamishia mtu mwingine kitambo, hata kama ni ndugu yangu, lakini video bado iko kwenye simu za watu kutoka Bungoma mpaka Kitale, kwa hivyo bora mnisikilize mimi mwenyewe niliyeifanya, maana huko nje kuna masimulizi mengine ambamo nimefanya makubwa zaidi. Naitwa Simiyu, karani wa ofisi ya kilimo, mtu mzima, baba wa watoto wawili, na kanisani mimi ndiye ninayesoma matangazo. Shikeni hayo kwanza kwa sababu tukifika mbele hamtaamini.

Ulikuwa mwaka ule wa corona. Mke wangu Nasimiyu ana duka la kushona nguo Kitale na watoto walikuwa naye huko, mimi niko Bungoma peke yangu, na tangu ugonjwa uingie nchini hatukuwa tumeonana, kwa kuogopana tu, maana mimi nakutana na watu wengi na yeye wateja wake hawaishi. Tukawa watu wa simu. Kila jioni mdogo wetu ananiuliza, "Baba, corona imeshatoka hapo kwako?" na mimi namwambia bado kidogo, halafu simu ikikatika nabaki nikitazama ukuta. Niliwakosa mpaka nikaanza kuzungumza na redio. Hatimaye tukakubaliana waje Jumamosi. Jamani, nilifua mapazia (mimi!), nikanunua godoro jipya la watoto, nikapaka choo chokaa. Kilichobaki ilikuwa Jumamosi ifike tu.

Sasa wakati huo ofisi yetu ilikuwa imefungwa nusu, na sisi makarani tukagawanywa kwenye kamati za kupambana na ugonjwa, mimi nikapelekwa soko moja pale Kanduyi. Nikapewa koti la kung'aa, kipaza sauti cha kuning'iniza begani, chupa kubwa ya sanitaiza na kile kibunduki cha kupima joto kwenye paji la uso. Mtu ambaye miaka yote kazi yake ni kuandika magunia ya mbolea, leo ana bunduki! Kichwa kilivimba kidogo, siwezi kuficha. Mheshimiwa wetu naye alikuwa ametuletea tangi la maji ya kunawa, lenye picha yake kubwa akihimiza watu wavae barakoa, na kwenye picha hiyo barakoa yake iko kidevuni. Siku ya kulizindua alituambia tusikusanyike, akatuambia hivyo soko zima likiwa limemkusanyikia, na alipomaliza akamsalimia kila mtu kwa mkono.

Kwa hivyo watu walikuwa wanatutazama kwa jicho la pembeni tayari. Halafu ikaingia sauti kwenye simu, ya mtu anayejiita daktari wa ng'ambo, ingawa nyuma yake unasikia jogoo akiwika na mtu akiita, "Wanjala, ng'ombe amekata kamba!" Huyo daktari alisema kile kibunduki kinanyonya kumbukumbu na kuingiza dawa ya siri, na kwamba uchaguzi ukifika mtu aliyepimwa nacho atampigia kura mwenye tangi bila kujijua, na ile sanitaiza ndiyo inafunga dawa isitoke mwilini. Soko likaamini lote. Mimi niliwacheka sana (ingawa ulipokuja ule uvumi wa kunywa strungi, chai isiyo na maziwa, kabla ya jua kuchomoza eti ni kinga, nilikunywa vikombe viwili, lakini hiyo tuiache).

Jumatatu ya wiki hiyo chifu alipita asubuhi akaniambia, "Simiyu, leo wakubwa wanakuja kukagua. Mtu asiingie bila kunawa, unasikia?" Nikasikia. Nikasimama langoni na silaha zangu. Mama wa kwanza nikamwomba paji la uso akanijibu, "Peleka huko! Mimi nitachagua mtu yangu nikiwa na akiri yangu." Kijana wa bodaboda akapaza sauti, "Niaje mkubwa, si upime huyo wa kwenye tangi kwanza, anakaa kama ako na homa." Watu wakacheka, na mimi nikaanza kukasirika, na nikikasirika napumua kwa nguvu, na nikipumua kwa nguvu ndani ya barakoa miwani yangu inapiga ukungu, nafuta, inapiga tena, nafuta. Ndipo nikafanya uamuzi mdogo tu, uamuzi ambao mtu yeyote angeufanya. Nilivua miwani nikaitia mfukoni.

Bila miwani mimi naona watu kama wamechorwa na mtoto. Basi nikaona umbo la mama mmoja likija, leso imefungwa mpaka kwenye nyusi, barakoa ya kitenge imepanda mpaka chini ya macho, kwapani amebeba kuku. Aliponiona tu akageuka akapitia upande mwingine. Nikasema moyoni, ahaa, huyu ni wa yule daktari wa jogoo. Nikamzunguka nikasimama mbele yake. Akanipa mgongo. Nikazunguka tena. Akajifunika uso na ncha ya leso, akaegemea ukuta wa kibanda cha nyanya. Na kipaza sauti, ndugu zangu, kilikuwa begani kimewashwa, soko lote linasikia kila neno.

"Mama, mikono!"

"Niache tafadhali. Nimenawa nyumbani."

"Nyumbani si hapa. Leta mkono."

"Haifai," akasema, sauti iko chini kabisa. "Wewe unishike, haifai."

"Haifai nini? Kunawa haifai? Watu kama nyinyi wa kuamini kila upuzi wa simu ndio mtatumaliza!"

Watu wakaanza kushangilia, "Mnawishe! Mnawishe!" na mimi (ati kiongozi) nikamshika mkono. Nikammiminia sanitaiza na kumsugua vile tulivyofundishwa kwenye semina, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kidole gumba kivyake, huku nikieleza kila hatua kwa umma kupitia kipaza sauti. Kuku akaanguka akakimbia. Mama akatulia kama mtu aliyekata tamaa na maisha, halafu akasema, na spika ikalitangazia soko lote:

"Baba Nafula, umeniua. Si ni mimi nirikuzaria bibi?"

Nafula ni binti yangu mkubwa. Nilitoa miwani, nikaivaa, na kwa sababu yeye alikuwa ameshusha barakoa ili apate hewa, nikamwona. Ana alama nyeusi kwenye shavu, pale pale mke wangu alipo na yake. Nilikuwa sijawahi kujua.

Labda wengine hapa si wa kwetu, basi nieleze. Kwetu sisi Wabukusu mwanamume hamgusi mama mkwe. Humsalimii kwa mkono, hukai naye chumba kimoja, mkikutana njiani mmoja anaingia shambani mpaka mwingine apite. Siku ya kuposa alikuwa ndani na mimi nje, siku ya harusi yeye hema lile na mimi hema hili, na siku zote nikienda kwao Naitiri namwona mgongo tu akiingia jikoni. Ndiyo maana ningekutana naye popote nisimjue. Yeye alikuwa ananijua vizuri, na kule kunikwepa kote hakukuwa habari ya bunduki wala kura, alikuwa ananiheshimu, na mimi ndiye niliyekuwa naifukuza hiyo heshima mpaka ikagonga ukuta.

Nilifanya kile mkwe anapaswa kufanya, nikarudi nyuma kwa kasi bila kuangalia, nikaligonga tangi. Tangi likayumba, likaanguka, maji yote yakanimwagikia, na nikalala hapo nimekumbatiana na picha ya Mheshimiwa. Wakubwa waliokuja kukagua waliingia langoni wakati huo. Watu walikuwa wameshikana mabegani wakicheka, hakuna cha mita wala barakoa, na simu zote ziko juu.

Baadaye niliambiwa kwamba kuku yule alikuwa wangu. Mama alikuwa amemleta kutoka Naitiri ampe mtu aniletee, kwa ajili ya Jumamosi, ili wajukuu wake wale kitu kizuri wakifika. Hapo ndipo nililia kidogo, sitaki kuwadanganya.

Na habari, bana, habari haina breki. Sokoni nilimshika mkono. Lakini ilipofika Moi's Bridge nilikuwa nimemkumbatia, na kutoka hapo ilipanda lori la mahindi ikaingia Kitale, na Mama Njeri, muuza mahindi ambaye duka lake limepakana na la mke wangu, akaja mbio kumwambia, "Mama Nafula, keti chini kwanza. Wanasema bwana yako amepima mama yako joto na shavu." Jioni simu ikalia. Haikuwa ya mtoto kuuliza kama corona imetoka.

"Simiyu, ulimfanya nini mama yangu?"

"Nilimnawisha tu!"

"Na shavu?"

"Hakukuwa na shavu! Nasimiyu, wewe unaweza kuamini kila kitu kinachosemwa kwa simu?"

"Kwani ulimshika au hukumshika?"

Nikaanza kumweleza habari ya miwani na ukungu. Akasema hawezi kuleta watoto katika nyumba ambayo mwenyewe amemshika mama mkwe na wazee hawajakaa, nyumba hiyo ina mkosi. Akakata. Nikabaki na godoro jipya na mapazia safi, na ile picha ya Jumamosi niliyokuwa nayo kichwani ikaanza kufutika.

Kesho yake nilifanya kosa la pili. Nilirudi sokoni na kipaza sauti, nikasimama juu ya kreti ya soda, nikasema kwa sauti ya matangazo ya kanisa, "Wananchi, uvumi unaoenea kunihusu si wa kweli, naomba mpate habari kutoka kwa watu wanaohusika." Kumbe nilikuwa nimejitengenezea kaburi. Mama wa nyanya akasema, "Hata Mheshimiwa arisema hivyo hivyo." Yule kijana wa bodaboda akaongeza, "Wakubwa wakianza kukataa kitu, jua iko." Waliokuwa hawajasikia ile habari wakaisikia hapo, kutoka kwa mhusika. Nilishuka kwenye kreti polepole. Ningekuwa mimi upande wa pili nisingeniamini pia, maana nilikuwa nimewatukana wajinga siku moja kabla, na sasa nilitaka wanione wa kuaminika.

Alhamisi nilienda Naitiri na kondoo na blanketi, kama inavyotakiwa. Wazee walikaa uani, kila mmoja na kiti chake, na Mzee Wekesa, kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe, ndiye aliyeongoza kikao. Mama mkwe alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta, akisikia. Mimi niliketi kwenye kigoda kifupi cha watoto, magoti yakinifikia masikioni.

"Ulimshika kwa nini?" Mzee akauliza.

"Mzee, nilitaka asipate ugonjwa. Na sikumjua."

Sauti ikatoka jikoni: "Mimi nirikuwa nakimbia yeye, si dawa. Kunawa nanawa sana."

Mzee akatikisa kichwa. Akaniuliza, "Na hii mita moja na nusu mnaimba kila siku kwa redio, ni umbari gani? Hakuna mtu ametuereza."

Nikatazama huku na huku nitafute kitu cha kupimia, sikuona, nikasema tu kilichokuja mdomoni, "Mzee, ni kama mtu na mama mkwe wake."

Halafu mzee mmoja akacheka mpaka barakoa ikamtoka, na jikoni pia nikasikia mtu anacheka akijizuia. Mzee Wekesa akapiga fimbo chini. "Sasa si mngesema hivyo tangu mwanzo? Mlituletea mita, mita ni ya fundi wa nguo. Mama mkwe kila mtu hapa anajua kukaa naye!" Kondoo akapokelewa, blanketi likapelekwa jikoni, na nikaambiwa niende nyumbani, nyumba ni safi.

Yale maneno chifu aliyasikia kabla sijafika Bungoma, na Ijumaa akayatangaza sokoni mwenyewe: "Kila mtu amchukulie mwenzake kama mama mkwe!" Mtakataa, lakini watu waliachana. Foleni ya sukumawiki ilinyooka ikawa na nafasi kati ya mtu na mtu, jambo ambalo tangi, picha na bunduki yangu havikuweza. Shida ni kwamba chifu aliendelea, "Na msishikane kama Simiyu," na hilo ndilo linalosemwa mpaka leo, hata na watoto wa shule waliozaliwa juzi.

Jumamosi nilisimama langoni tangu asubuhi bila kujua kama watakuja. Mke wangu hakuwa amepokea simu yangu tangu alipokata Jumatatu. Jua lilikuwa limepanda sana nilipowaona wakishuka barabarani na mizigo, Nafula mbele, mdogo amebeba kuku (bibi yake alikuwa amemtuma mwingine kupitia Kitale), na Nasimiyu nyuma, barakoa usoni, macho yake siyaelewi. Nilikuwa na barakoa, miwani imepiga ukungu, nimeishika mkononi. Nikaenda mbio na mikono mbele kumpokea mzigo.

"Simama hapo hapo!" akasema.

Nikasimama.

"Miwani iko wapi?"

Nikaionyesha.

"Vaa kwanza," akasema, na barakoa yake ikaanza kutetemeka kwa kicheko. "Vaa, unitazame vizuri, useme mimi ni nani. Ndio unishike mkono."

Nikavaa. Nikamtazama, na ile alama kwenye shavu ilikuwa imechungulia juu ya barakoa. Nikasema jina lake, watoto wakapiga makofi, na tangu siku hiyo sijavua miwani mbele za watu hata ipige ukungu mpaka nigonge mlango.