Nyamazeni, Tiva Yuaimba

Dadangu alipokwenda Muscat kufanya kazi za nyumbani, alicholalamikia kwanza si kazi wala joto. Alisema asubuhi za huko ni bubu: madirisha hufungwa kutwa, na kinachosikika ni mashine ya kupoza hewa tu. Mama, ambaye hakuwahi kujali simu yangu ina nini, aliniambia siku hiyo hiyo nimfundishe kurekodi na kumtumia dada.

Basi kila alfajiri, akishasali, alitoka na simu hadi kwenye mpera ulio nyuma ya jiko letu hapa Mambrui. Kuna tiva wawili pale, dume na jike. Mmoja hupiga mluzi, mwenziwe humdakia kabla hajamaliza, na asiyewajua hudhani ni ndege mmoja. Mama akifungua simu, sisi sote tulifunga midomo. Nikigusa sufuria nilitupiwa jicho. Muuza maji alijifunza kusimamisha mkokoteni wake mlangoni na kungoja. Waliomshinda mama ni kunguru peke yao. Aliwatukana, akafuta, akaanza upya.

"Nyamazeni, tiva yuaimba," alikuwa akituambia.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hamsalimii dada humo humo. Alinitazama kana kwamba nimemwambia atie chumvi kwenye chai.

"Sauti yangu yuaisikia nikimpigia. Ya tiva ataipata wapi huko?"

Wahenga husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha mama kilikuwa na tiva tu.

Mama alifariki mwaka jana kwa presha, asubuhi, tukamzika baada ya alasiri. Mwajiri wa dada hakumpa ruhusa, na hata angempa asingewahi maziko. Nilimchukia mtu yule ambaye sijawahi kumwona, na bado namchukia.

Arobaini ilipopita dada alipiga simu. "Mdogo wangu, nitafutie sauti ya mama. Hata neno moja."

Nilianza kutafuta nikiwa na hakika. Simu imejaa. Nilikaa jikoni nikasikiliza zote, naye kule akasikiliza alizotumiwa. Tiva, tiva, njiwa, jogoo wa jirani, tiva tena. Mama hayumo. Alikuwa amesimama pale pale, ameshika simu, amebana pumzi. Hata yale matusi ya kunguru, ambayo leo ningeyasikiliza kutwa, aliyafuta mwenyewe. Nililia kwa hasira. Mwanamke huyu na adabu zake, hakutuachia hata kikohozi.

Juzi nilitoka mimi na simu. Tiva wangali pale. Nikabana pumzi kama nilivyofundishwa, nikarekodi, nikamtumia dada. Naye akanijibu kwa sauti.

"Ahsante. Lakini ukirekodi tena, zungumza. Tiva akiimba, wewe zungumza tu."

Leo alfajiri nimesimama chini ya mpera, nikafungua simu, nikamsalimia dada kwa sauti. Tiva wakanyamaza papo hapo. Mama hakukosea. Nikaendelea kuzungumza.